Kazi Zinabadilika: Tuliyoyaona Kitale na Bungoma

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeujaalia usiku kuwa wa kupumzika na mchana kuwa wa kutafuta maisha. Na Rehema na Amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ambaye kabla hajapewa Utume alichunga mbuzi wa watu wa Makka kwa ujira, na baadaye akasafiri kwa biashara, wala hakuona haya kuwakhabarisha Masahaba wake kwamba aliwahi kuwa mchungaji wa kuajiriwa.

Ama baada ya hayo, wasomaji wetu wengi wametuuliza khabari za safari yetu ya bara. Tulialikwa na ndugu zetu Waislamu wa Kitale twende tukasomeshe siku kumi, kisha tukateremka mpaka Bungoma kwa njia ya Webuye. Sisi watu wa pwani tuna dasturi mbaya ya kudhani kwamba Uislamu umeishia Mariakani, na kwamba huko mbele hapana illa wageni. Hayo si kweli. Misafara ya Waswahili ilifika Mumias katika karne ile ya kumi na tisa, na mbegu ya dini iliyopandwa huko imeota na kuenea katika miji ya jirani. Tulikuta madrasa zimejaa, na watoto wasomao kwa tajwidi nzuri kuliko baadhi ya watoto wetu wa Mji wa Kale.

Lakini si hayo tuliyokusudia kuyaandika leo. Tumekusudia kueleza swali tuliloulizwa Webuye, na jawabu mbovu tuliyoitoa.

Ilikuwa baada ya Swala ya Isha. Darsa ilikuwa imekwisha, watu wanatoka, akabaki mzee mmoja mwenye nguo safi zilizochakaa. Akatuamkia kwa adabu, kisha akasema: “Shehe, mimi nilifanya kazi katika kiwanda cha karatasi miaka kumi na tisa. Kilipofungwa mwaka 2009 nilirudi nyumbani na kofia yangu ya kazi, na toka siku hiyo sijapata kazi ya kukaa. Nauliza, rizki yangu ilikatwa kwa dhambi gani?” Tukamwambia maneno ambayo kila mwenye kilemba huyajua: kwamba huu ni mtihani, na kwamba Mwenyezi Mungu yu pamoja na wenye kusubiri. Naye akatusikiliza mpaka mwisho, akaitikia Amin, kisha akasema kwa upole: “Subira ninayo, Shehe. Toka mwaka ule sijaiacha. Nilikuwa nauliza kama kuna jingine.”

Hatukuwa na jingine. Tukamtakia kheri akaenda zake, nasi usiku ule hatukulala vizuri.

Asubuhi tukatembezwa mji. Webuye ndio ule ambao Waingereza wakiuita Broderick Falls, kwa sababu ya maporomoko ya mto Nzoia. Hapo, katikati ya miaka ya 1970, kikaanza kufanya kazi kiwanda cha Pan African Paper Mills, serikali ya Kenya ikishirikiana na matajiri wa Kihindi. Magogo yalishushwa huko kutoka misituni, na karatasi zikapanda treni na malori kwenda kila upande. Watu waliopata mshahara ndani ya kiwanda ni zaidi ya elfu moja. Na walioishi kwa mgongo wa hao, nani awezaye kuwahisabu? Mkata miti, dereva wa lori, mwenye nyumba za kupangisha, mama auzaye chakula mlangoni, fundi wa kushona sare, na hata mwalimu wa madrasa aliyelipwa kwa michango yao. Madeni yalipokishinda kiwanda mwaka 2009 kikafungwa. Zikafuata ahadi za kukifungua, na majaribio yasiyodumu, hata mwaka 2016 kikauzwa kwa tajiri mwingine. Milango ilifunguliwa tena, lakini wale wa zamani wengi wao hawakuitwa.

Kutoka hapo kwenda Bungoma mjini hupita karibu na kiwanda cha sukari cha Nzoia, kilichoanza kusaga miwa mwaka 1978. Nacho kwa miaka mingi kilikuwa cha serikali, kikielemewa na deni la mkulima na deni la mfanyakazi, na mwaka 2025 serikali ikakikodisha kwa kampuni ya watu binafsi kwa muda wa miaka 30. Yaani mtu alilala mfanyakazi wa serikali, akaamka hana mwajiri anayemjua. Hatusemi kukodisha ni kubaya au ni kuzuri, kwani hayo yana wenyewe. Tunasema kwamba kazi ambayo baba alimrithisha mwanawe matumaini yake iligeuka mbele ya macho yao, wala hawakuulizwa.

Sasa tujiulize: haya yametokana na nini? Tulipokuwa Bungoma tuliwasikia watu wakisema kwamba kuna jicho, na wengine wakasema kwamba mahali pale palizikwa kitu. Na yule mzee wetu, baadaye tuliarifiwa, katika fedha chache alizopata baada ya kazi alitoa sehemu kubwa kumpa mganga amfungulie milango. Huo ni upotofu, na tumeukataza na tutaendelea kuukataza, kwa kuwa mwenye kufungua milango ni Al-Fattah peke yake. Walakini insafu yatulazimisha tuseme na hili: alikwenda kwa mganga baada ya kuwajia watu wa elimu kama sisi, nao wakampa jawabu moja tu. Mganga alimwambia uwongo, lakini alimpa jambo la kufanya.

Sababu za kweli hazikufichika. Chombo kipya huja, na kazi ya chombo cha zamani hufa. Mali hutoka katika mkono mmoja ikaingia katika mkono mwingine, na mwenye mali mpya hutaka watu wachache wenye ujuzi zaidi. Bidhaa kutoka nchi za mbali hufika kwa bei rahisi kuliko ya nyumbani. Haya ni katika mwendo wa ulimwengu ambao Mwenyezi Mungu ameuwekea sababu zake, na mwenye akili huzitazama sababu.

Kitale kwenyewe kuna mfano mzuri. Mji ule umejengwa juu ya mahindi. Kampuni ya mbegu, Kenya Seed, ilianzishwa hapo mwaka 1956, na mwaka 1964 watafiti wa Kitale wakatoa mbegu iitwayo 611, iliyopatikana kwa kuoanisha mahindi ya Kitale na mahindi yaliyoletwa kutoka Ecuador. Mavuno yakaongezeka sana. Lakini mbegu hiyo ina sharti lake: ukichukua punje za mavuno yako ukazipanda tena mwakani, nguvu zake hupungua, hapana budi kila msimu utafute mbegu mpya. Mkulima mmoja wa huko alituambia kwamba babake alikataa jambo hili, akasema mbegu ya ghalani kwake yamtosha kama ilivyomtosha babu. Majirani wakavuna, yeye akatazama. Na sasa yeye mwenyewe ana mtihani mwingine, kwani katika mashamba makubwa ya Trans Nzoia mashine ya kuvuna imeingia, na shamba lililokuwa likiwapa vibarua wa mtaa mzima kazi ya wiki, mashine hulimaliza kabla ya Alasiri. Huko Kericho, mwezi wa Mei mwaka 2023, wachumaji chai waliokasirishwa na mashine za kuchumia walizitia moto. Uchungu wao twaujua, na mwenye mali atakwenda ulizwa mbele ya Mola wake aliwafanyia nini watu waliomtajirisha. Walakini kuchoma mali ya mtu ni haramu. Na pamoja na uharamu wake, hakumrudishii mchumaji kikapu chake.

Huenda msomaji wetu wa Kibokoni au wa Majengo akasema: haya ni ya watu wa mahindi na miwa, sisi yatuhusuni? Tazama Kilindini. Wazee wetu walioko hai wakumbuka magenge ya makuli yakiteremsha magunia kwa mabega, mchana na usiku, na meli moja ikikaa gatini siku nyingi. Kazi ile ilikuwa nzito na ujira wake mdogo, hata Januari 1947 mji mzima wa Mombasa ukagoma. Lakini ilikuwa yalisha maelfu. Yakaja makontena, na winchi moja ikafanya kazi ya genge zima. Kisha zamu ya makarani ikafika: vijana wetu waliokuwa wakizunguka na karatasi za forodha, ofisi hii hadi ofisi ile, wakaona mwaka 2005 forodha ikihamia katika kompyuta kwa mpango ulioitwa Simba, na karatasi nyingi zikafa. Ikafika zamu ya madereva: reli mpya ilipoanza mwaka 2017, na ilipoamriwa mwaka 2019 kwamba mizigo ya nje ipande treni mpaka Nairobi, Mombasa iliandamana kila Jumatatu. Amri ile ilitenguliwa, na mwaka 2022 serikali mpya ikaurudisha utoaji wa mizigo Mombasa. Watu wakashangilia, wakasahau. Sisi twauliza: amri iliyotoka kwa kalamu ikarudi kwa kalamu, haiwezi kutoka tena? Na sasa kuna mashine ziandikazo barua, zipigazo hisabu na kutafsiri maneno kwa muda wa kuvuta pumzi. Karani wa leo asidhani kwamba makuli walikuwa wajinga na yeye ni mwerevu.

Kwa hivyo jambo la kwanza ni kuitakasa itikadi yetu. Rizki ni ya Mwenyezi Mungu. Kazi ni mfereji tu wa kuipitishia. Mfereji hukauka, na chemchemi haikauki. Lakini mtu akikaa kando ya mfereji mkavu akingoja maji, akakiita kukaa kwake tawakkul, huyo ameikosea tawakkul. Katika sura ya Jumua tumeamrishwa kwamba Swala ikimalizika tutawanyike katika ardhi tutafute fadhila za Mola wetu. Mitume walikuwa na kazi za mikono: Nuhu aliunda jahazi, Daudi alifuma nguo za chuma za vita, Zakaria alikuwa seremala. Na Nuhu alianza kuunda jahazi lake kabla ya maji kupanda, hali watu wakimcheka.

Imamu Ghazali katika kitabu chake cha Ihya ameeleza kwamba ufundi ambao watu hawawezi kuishi bila yake, kama ukulima, ufumaji na ushonaji, ni faradhi ya kutosheleza. Yaani mji ukikosa kabisa mtu wa kuufanya, wote wana dhambi. Na aliwalaumu watu wa zama zake kwa kusongamana katika mlango mmoja wa elimu wenye vyeo, na huku mji mzima hauna tabibu Mwislamu. Lau angepita mitaani kwetu leo angesemaje? Tumesongamana katika udalali na ukarani. Fundi wa umeme akitakiwa msikitini, aitwa kutoka mbali. Wazee wetu waliliona hili. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa gazeti lake la Al-Islah mwaka 1932, katika yaliyomkera zaidi ni kulala kwa Waislamu wa pwani huku wengine wanasoma na kusonga mbele. Na mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikafunguliwa Mombasa skuli kubwa ya ufundi kwa ajili ya Waislamu wa Afrika Mashariki, ile iliyojulikana kwa jina la MIOME, kwa mali iliyotolewa na Sultani wa Unguja, Aga Khan, Mabohora na serikali ya wakati ule. Hiyo ndiyo iliyogeuka ikawa chuo cha ufundi cha Mombasa, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi. Mlango ulifunguliwa mbele ya nyumba yetu. Waliongia wengi walitoka mbali.

Turudi Webuye, kwani kuna mtu wa pili hatujamtaja. Huyu naye alitolewa kiwanda kile kile, siku ile ile. Lakini kazi yake ilikuwa kuchomea vyuma. Mwezi haukupita akawa amekaa chini ya mti kando ya barabara, anatengeneza milango, mageti na matela ya kukokotwa na trekta, na leo ana vijana watatu. Tulipomuuliza siri yake alicheka, akasema hana siri: ndani ya kiwanda alikuwa akiomba kufundishwa kila mashine iliyoharibika. Yule mzee wetu wa kwanza, kazi yake kwa miaka kumi na tisa ilikuwa kutazama saa za pampu na kuandika namba kitabuni. Alikuwa mwaminifu, hakukosa zamu. Lakini alichokijua kilikuwa ni ile pampu moja, katika chumba kile kimoja, na pampu ilipozimwa ujuzi wake ulizimwa nayo. Twawaomba vijana wayafikirie haya wakiwa bado kazini na mshahara unaingia. Uliza mwenzako afanya nini. Jifunze kazi ya pili kabla hujaihitaji.

Na fundi yule naye alikuwa na kilio chake, kwamba zabuni zikija hutakiwa cheti, naye hana cheti illa mikono yake. Tulimweleza, na twawaeleza na mafundi wa pwani, kwamba mamlaka ya mafunzo ya viwanda, NITA, humtahini fundi aliyejifunzia kazi mkononi hata kama hakuingia chuo, na akifuzu hupewa cheti cha daraja yake. Kadhalika Kitale pana chuo cha ufundi cha taifa, na Bungoma pana kile cha Sang'alo, kama vile Mombasa tulivyo navyo vyetu. Kupeleka mtoto huko hakumtoi katika dini.

Khabari ya akiba hatutairefusha. Kila mtu ameisoma sura ya Yusuf, akajua jinsi alivyowaamuru watu wa Misri wayaache mavuno katika mashuke yake miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya dhiki. Sisi tuna miaka ya neema tukaifanyia arusi ya siku tatu kwa mkopo wa simu wenye riba. Yatosha.

Wala tusiwasahau binti zetu. Bibi Zainab binti Jahsh, mke wa Mtume (s.a.w.), alikuwa akitengeneza ngozi na kushona kwa mkono wake, na chumo lake akilitoa sadaka. Nyumba nyingi tulizoziona Webuye zilizosimama baada ya mwaka 2009 zilisimamishwa na mwanamke aliyejua kushona au kuoka. Baba amnyimaye binti yake ufundi kwa kuogopa maneno ya watu, na ajiulize kama watu hao watamlisha.

Lakini jambo lililotukosesha usingizi zaidi, na ambalo tulirudi nalo mpaka kwenye vitabu, ni la Zaka. Kila Ramadhani twaiona: tajiri anabadilisha noti kubwa kuwa ndogo, masikini wanapanga foleni mlangoni, kila mmoja apata cha kununulia unga wa siku mbili, na mwakani wanarudi wale wale. Na sisi wenyewe tumesimamia foleni hizo tukajiona tumefanya jema. Basi na tuangalie Imamu Nawawi amesema nini, naye ndiye tegemeo letu sisi watu wa madhehebu ya Shafi. Amebainisha kwamba fakiri mwenye ufundi hupewa kiasi cha kumnunulia vyombo vya kazi yake, viwe rahisi au ghali, na mfanyabiashara hupewa rasilmali ya kumtosha kwa biashara yake. Makusudio ni atoke katika foleni. Na Mtume wetu (s.a.w.) alitangulia kutuonyesha. Alijiwa na Ansari mmoja akiomba, akamwuliza ana nini nyumbani. Akaleta tandiko na bakuli. Mtume akavinadi vikauzwa dirhamu mbili, moja akanunulia chakula cha watu wake, na nyingine akanunua shoka, akalitia mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia aende akakate kuni asimwone siku kumi na tano. Mtu yule alirudi na dirhamu kumi.

Ndugu zetu, sisi tulimpa mzee wa Webuye subira bila shoka.

Tuliporudi Mombasa tuliyasoma haya mbele ya wenzetu wa darsa, na kukatokea mabishano, wengine wakitaka Zaka yetu ipelekwe Webuye. Tukawakumbusha kwamba katika madhehebu yetu kauli mashuhuri ni kutokuihamisha Zaka na huku mjini mna wenye kuistahiki, nao wamejaa. Basi wazee wa Kitale wakaandikiwa waitazame Zaka ya kwao, na sisi tukachanga sadaka. Zilipatikana fedha za seti moja ya spana na pampu kuukuu ya maji ya kujifunzia, kwani mashamba ya huko sasa yana pampu nyingi na mafundi wake ni wachache. Yule mchomeaji vyuma alikubali kumchukua mzee awe mwanafunzi wake pamoja na wale vijana watatu. Mara ya kwanza mzee aliona haya, hata akakaa nyumbani wiki mbili. Barua ya mwisho tuliyoipata yasema kwamba ametengeneza pampu mbili za watu. Moja ilirudishwa siku ya tatu inavuja, naye akaifungua tena bila malipo.

Kwa upande wetu, kamati ya Zaka ya msikiti imekubali kwamba mwaka huu sehemu ya mali itanunua vyombo vya kazi kwa watu wasiozidi wanne, na majina yataandikwa kwa siri ili mtu asivunjiwe heshima yake. Mwenye cherehani, mashine ya kuchomea, kompyuta au chombo chochote kizima kilichokaa bure nyumbani kwake, na akilete darsani Alkhamisi baada ya Alasiri. Na fundi aliye tayari kumfundisha mtu mzima bila kumcheka, naye na aje atuandikishe jina lake.